Mwalimu wa Macho na Somo Yake

Mwalimu hakuwahi kujua viatu vyake viko wapi. Kila asubuhi nilimsikia upande wa pili wa ukuta akivitafuta, akiinua jamvi, akisogeza kitanda, akijiuliza maswali na kujijibu, na mara nyingi vilikuwa mlangoni pale pale alipovivua jana yake. Huyu ndiye mtu aliyejulikana Tanga yote, kuanzia kwetu Makorora hadi mashamba ya mkonge ya njia ya Muheza, kwa jina la Mwalimu wa Macho, maana kazi yake ilikuwa kuchunguza namna binadamu anavyoona.

Hakuwa mganga wa macho. Hilo alilieleza karibu kila siku kwa watu waliomjia na macho mekundu wakitaka dawa. Aliwakaribisha, akawapa chai, akawaelekeza hospitali, kisha kabla hawajaondoka akawaomba watazame karatasi zake. "Daktari anatazama jicho," alizoea kusema. "Mimi nataka kujua jicho linamwambia nini mwenyewe."

Jina lake la kuzaliwa silitaji. Lilikuwa jina la watu wawili mjini, na kwa miaka ile ya hamsini lilitusumbua vya kutosha. Wa pili alikuwa mpiga sinema wa serikali, mdogo kidogo kwa umri kuliko Mwalimu, mrefu, mwenye sauti kubwa, aliyezunguka na gari la picha akipiga filamu za mambo ya kweli: watu wakikata mkonge, pantoni ya Pangani ikivuka mto, wanawake wa Muheza wakipanga machungwa sokoni. Jina lao lilikuwa moja, majina ya baba zao yalikuwa mamoja, na udugu hawakuwa nao hata wa mbali. Wenyewe waliitana somo. Sisi tulimwita yule wa pili Bwana Sinema, ili tusipotee.

Tulikaa nyumba moja na Mwalimu, sisi upande huu, yeye upande ule, ua mmoja. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, nami nilishona nguo za watu kwa cherehani barazani. Mwalimu alikuwa mtu wa makamo. Mkewe alikuwa amefariki zamani, kabla hatujamjua, na hakumzungumzia. Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitika marahaba Mama Zaina, halafu papo hapo akauliza kama nimeviona viatu vyake.

Ualimu wake ulikuwa wa kweli. Alifundisha hesabu shule ya serikali, mpaka akaja mtaalamu mmoja kutoka Ulaya kupima watu wa pwani wanavyoona, akamwazima awe mkalimani. Yule mgeni alikaa msimu mmoja akaenda zake. Mwalimu akabaki na swali, na swali lile halikumwachia tena. Aliomba, akaandika, akasubiri, akaomba tena, hata akapewa chumba kidogo katika chuo cha walimu na ruhusa ya kuzunguka mashambani kupima watu. Kule kwenye mkonge kulikuwa na watu wa kila kabila, wa bara na wa pwani, Waislamu, Walutheri na Wakatoliki, naye alitaka kujua kama wote wanaona sawa.

Vipimo vyake vingine vilikuwa kama mchezo. Alikuwa na karatasi nyekundu ya duara. Alikwambia uitumbulie macho mpaka machozi yakutoke, kisha ugeuke utazame ukuta mweupe, na ukutani ukaliona duara la kijani limekaa, hakuna aliyelichora. Mwanangu Zaina alilifukuza lile duara ua mzima akitaka kulishika. Watu wazima walisema astaghafirullah na kuomba warudie.

Lakini kipimo tulichocheka kuliko vyote alikifanya juu ya nafsi yake. Mjini kulikuwa na duka la miwani la Mhindi mmoja Mwislamu, mzee mpole aliyependa mambo mapya, naye akamkatia Mwalimu vioo vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, vya kusogeza kila kitu kidogo kushoto. Mwalimu akavaa miwani ile akasema hataivua mpaka azoee. Siku ya kwanza alikuja kwetu kumpa mume wangu mkono, akaupitisha pembeni akashika kamba ya kuanikia nguo, akaitikisa kwa heshima. Alimimina chai, ikaenda juu ya jamvi. Sokoni alinyoosha mkono kuchukua ndizi akalishika sikio la muuzaji. Makorora nzima ilikuwa ikimfuata nyuma, naye akicheka pamoja nao, akisimama kila mara kuandika.

Siku zilivyokwenda akaanza kupata. Chai iliingia kikombeni, mikono ilikutana na mikono. Tukafurahi yamekwisha. Akaivua miwani, na sasa bila miwani akawa anakosea upande wa kulia. Hapo ndipo nilipomwona na furaha ya ajabu, amelowa chai, akirukaruka uani kama mtoto. Nikamwuliza kinachomfurahisha ni nini.

"Umeona, Mama Zaina? Jicho halijui kitu," akasema. "Linafundishwa. Na mkono ndio unaolifundisha."

Mtu huyu aliyetilia shaka kila kitu alichokiona, hakutilia shaka hata neno moja aliloambiwa. Muuza samaki akimwambia samaki amevuliwa alfajiri, alimwamini huku samaki akinuka. Mume wangu alimwambia hivyo usoni, naye akajibu kwamba mtu hawezi kuwa na mashaka na kila kitu, lazima achague.

Kwa somo yake, Bwana Sinema, mambo yalikuwa kinyume. Yeye alimhoji kila mtu mara mbili, lakini akishaona kitu kwa kamera yake, basi, hicho ndicho kweli. Walibishana kila walipokutana, na walikutana kila Bwana Sinema alipokuwa mjini, maana alikuja kula kwetu. Ubishi wao niliujua kama ninavyojua mishono yangu. Bwana Sinema alisema yeye anawaonyesha watu dunia ilivyo, watu wakitembea na kufanya kazi zao. Mwalimu alimjibu kwamba katika filamu yake hakuna anayetembea. Siku moja Bwana Sinema alichoka, akaenda garini akaleta kipande cha utepe wa filamu, akanipa mimi niwe hakimu.

Nikakiinua kwenye mwanga. Nikaona mwanamke wa Muheza na kikapu, kisha mwanamke yule yule na kikapu kile kile, kisha yule yule tena, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, wote wamesimama. Nikasema Mwalimu amepata, hakuna anayetembea.

"Sasa nani anamtembeza?" akauliza Mwalimu.

Bwana Sinema akacheka mpaka akakaa chini. Akasema basi yeye anapeleka picha zilizosimama, watu wenyewe ndio wanaozitembeza, na mshahara anachukua yeye. Tangu hapo, kila alipomaliza kuonyesha filamu alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, ahsanteni kwa kutembeza.

Kuchanganywa kwao kulianza kama kichekesho. Meneja wa shamba moja la mkonge alimwagiza "yule bwana" kwa jina lake, akawatangazia wafanyakazi kwamba Jumamosi kuna sinema. Karani akamwalika Mwalimu. Mwalimu akashuka kwenye basi na mfuko wake wa karatasi, akakuta uwanja wa mpira umejaa watu wamekaa chini na watoto wao, nguo nyeupe imetundikwa kati ya milingoti. Mtu mwingine angeomba radhi akapanda basi kurudi. Yeye aliomba taa ya kandili, akasimama mbele ya ile nguo, akaitoa karatasi yake nyekundu, akawaambia wote waitazame bila kupepesa. Alipowaambia wageukie nguo nyeupe, uwanja mzima uliguna kwa pamoja. Halafu akawafanyia vivuli vya mikono, akawauliza kipi kikubwa, kipi kidogo, wakagawanyika wakabishana kwa Kibondei, kwa Kishambaa, kwa lugha za bara, hata meneja mwenyewe akavua kofia akaingia katika ubishi. Bwana Sinema alipokuja wiki zilizofuata na gari lake kamili, walimwuliza kama na yeye anayo ile karatasi nyekundu.

Kisha kuchanganywa kukaacha kuwa kichekesho.

Mwalimu alikuwa akienda hospitali mara kwa mara kuzungumza na wagonjwa wa macho. Huko alimwona mwanamke mmoja mjane, amemleta shangazi yake kutoka Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani. Shangazi macho yalikuwa yamepungua sana. Nadhani Mwalimu alizungumza na yule mwanamke mara mbili au tatu tu, wamekaa benchi moja wakisubiri. Lakini alirudi nyumbani akiwa hatafuti viatu, amevivaa, na mume wangu akaniambia pale pale kwamba kuna jambo.

Jambo lilikuwa kuoa. Mume wangu akawa mshenga wake, akavaa kanzu, akaenda Bweni na posa kwa adabu zote. Wenyewe wakapokea vizuri, wakasema watajibu. Katika kusubiri wakamwulizia mtu mjini, kama inavyopasa, wakataja jina lake na la baba yake. Na watu wa mjini wakawaeleza habari za Bwana Sinema.

Jibu lililokuja lilikuwa fupi. Mtu tumemwulizia, tumeambiwa halali nyumbani kwake, anazunguka na gari mwaka mzima, na wake za watu anawapiga picha. Binti yetu alishazika mume mmoja, baharia aliyekuwa hakai nyumbani. Hatutampa wa pili.

Mume wangu alipoleta jibu hilo, Mwalimu alilisikiliza lote, akaitikia, akaingia ndani. Siku kadhaa alikwenda chuoni na kurudi bila kunionyesha karatasi yoyote. Nikamwambia mume wangu, hawa watu wamemkataa mtu mwingine. Mume wangu akasema ameshamwambia hivyo, naye amejibu kwamba kama walisikia jina lake na mioyo yao ikakataa, hawezi kwenda kuwabishia. Aliyaamini maneno yao, kama alivyomwamini muuza samaki.

Mimi sikuyaamini. Nikamwacha Zaina kwa mama yangu, nikapanda basi hadi Muheza, nikamkuta Bwana Sinema sokoni juu ya paa la gari lake akipiga picha malundo ya machungwa. Nikamwambia yote pale chini, shingo yangu ikiuma kwa kumtazama juu. Alishuka taratibu. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha.

"Kwa hiyo aliyekataliwa ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

"Basi tutakwenda sote. Mimi nikaombe radhi kwa posa ambayo sikuipeleka."

Tukaenda wanne: mume wangu, mimi, Bwana Sinema kwenye usukani, na Mwalimu katikati yetu akiwa amevutwa kama mzigo. Pale Pangani gari likapanda pantoni, na Bwana Sinema, ambaye aliwapiga filamu wavutaji kamba wa pantoni ile mwaka uliopita, aliitwa kwa jina kutoka kila upande. Mwalimu kila jina lilipoitwa aligeuka, kisha akainama.

Shangazi alitupokea ukumbini, amekaa wima juu ya jamvi jipya, uso ameugeuzia mlangoni. Mpwa wake alikuwa nyuma ya pazia. Mume wangu akaeleza kwa utaratibu kwamba wenye jina hili wako wawili, na kwamba aliyeposa siye aliyeuliziwa. Shangazi akaomba kila mmoja ataje jina lake. Wakalitaja, mmoja baada ya mwingine, jina moja na la baba moja, na nyuma ya pazia nikasikia mtu akizuia kicheko.

"Mimi siwaoni vizuri," akasema shangazi. "Kwa hiyo nitawauliza. Binti yangu siku ile hospitali alivaa nini?"

Bwana Sinema akasema yeye hospitali hakuwapo. Sote tukamtazama Mwalimu, mtu ambaye maisha yake yalikuwa kuuliza watu wameona nini. Akafikiri mpaka nikaogopa.

"Nguo siikumbuki, shangazi," akasema. "Nakumbuka ulikuwa umemshika mkono. Na kila penye ngazi alisema 'ngazi', kwa sauti ndogo sana, wewe tu usikie, ili watu wasijue kwamba huoni."

Shangazi aliinua ncha ya kanga akafuta macho yale yaliyopungua, akaiteremsha. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nazi, kwa nini mtu mwenye kazi ya macho amemkumbuka mtu kwa masikio.

Mwalimu akasema hilo hata yeye linamshangaza, na kwamba angependa kulichunguza. Shangazi akacheka, na hapo nikajua tumepata.

Mchana ule haukuwa wa posa tena, ulikuwa wa michezo. Mwalimu alitoa kwenye mfuko visanduku viwili vya mbao, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, akampa shangazi avipime kwa mikono. Shangazi akasema kidogo ndicho kizito, tena kwa mbali. Mwalimu akamwomba muuza duka wa jirani alete mizani, ikapimwa mbele ya watu, uzito mmoja. Shangazi akavinyanyua tena. "Kidogo ndicho kizito," akasema. "Hiyo mizani yenu inaumwa." Mtaa ukaitwa. Kila aliyevinyanyua alisema hivyo hivyo, na mizani ikasema vingine, na shangazi akawa anawaita hata wapita njia waje kushuhudia. Pazia lilikuwa limeshafunguliwa. Mwanamke wa Mwalimu, maana tangu hapo sikumwita vingine, alikuja akavinyanyua naye, kimoja kila mkono, akamtazama Mwalimu bila haya yoyote.

"Najua vina uzito mmoja," akasema, "na bado hiki kizito. Kwa hiyo kujua hakusaidii?"

"Hakusaidii kitu," akasema Mwalimu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa Tanga yote.

Baada ya Magharibi Bwana Sinema alitundika nguo nyeupe na kuwaonyesha watu wa Bweni filamu yake ya pantoni. Walijiona wenyewe. Walipiga kelele kila uso ulipotokea, wakaitana majina, wakamcheka aliyepigwa picha akipiga miayo. Mwanamke wa Mwalimu alikaa karibu na shangazi akimwambia sikioni kila kinachopita, kwa ile sauti ndogo: sasa kamba, sasa fulani anateleza, sasa mbuzi. Shangazi alicheka pamoja na watu wote, bila kuchelewa hata kidogo. Mwalimu hakuitazama filamu. Aliwatazama wao wawili tangu mwanzo hadi mwisho, na mara hii hakuandika.

Ndoa ilifungwa Pangani. Mume wangu alinieleza kwamba sheikh, alipoambiwa kuna wawili, alimwamuru Bwana Sinema atoke akakae nje kabisa mpaka ndoa ithibiti, isije ikamkamata yeye. Alikaa nje kwenye jua akicheka peke yake, na alipoitwa ndani alikuwa wa kwanza kumkumbatia somo yake.

Mke alipokuja Makorora, shangazi alikuja naye. Ua wetu ukajaa. Shangazi ndiye aliyekuwa akimwambia Mwalimu viatu viko wapi, kwa kuwa alivisikia vikivuliwa.

Mwisho wa miaka ile Mwalimu akapata nafasi ya kwenda kusoma Uganda, katika chuo kikuu, aifanye kazi yake kwa cheti. Safari ilikuwa ya reli, kupitia Moshi, yeye na mkewe na shangazi, ambaye alikataa kabisa kuachwa. Tukawasindikiza stesheni asubuhi, mume wangu, Zaina aliyekuwa sasa msichana mrefu, na Bwana Sinema na kamera yake mabegani. Kila mtu alikuwa akiongea kwa wakati mmoja. Mke wa Mwalimu aliniachia kikapu cha mihogo iliyokwisha kukaangwa, kana kwamba mimi ndiye msafiri. Gari la moshi lilipopiga filimbi, Mwalimu aliinama dirishani akaniita.

"Mama Zaina, nataka unifanyie kazi ya mwisho. Usinipungie mkono. Nitazame tu, na utakapoacha kuniona, uweke akilini ni kitu gani kilichopotea mwisho."

Nikamwahidi. Gari likaondoka. Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha, na kanga ya njano ya mkewe ilikuwa nje ya dirisha, na nyuma yao shangazi ameugeuzia uso upande wa sauti zetu. Nilitazama kama alivyonifundisha, bila kupepesa. Mkono ukawa mwembamba, ukawa kama uzi. Njano ikawa nukta. Watu wakaanza kutoka stesheni. Mume wangu akamshika Zaina mkono akaenda kusubiri kivulini.

Bwana Sinema alisimama karibu yangu mpaka filamu yake ikamalizika ndani ya kamera. Akaishusha, akapangusa macho, akatazama ile reli iliyokuwa tupu hadi mwisho wake.

"Ameshapotea?" akaniuliza.

"Bado," nikamwambia.

Hakubisha. Akaweka kamera chini akasimama nami, tukaendelea kutazama.